Mapenzi Yaliyoanzia Kwenye Kujitolea Nje ya Nchi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekwenda nchi ya watu kufanya kazi ya kujitolea, akakutana na mtu, na sasa anajiuliza safari hii inaelekea wapi. Mahusiano ya namna hii mara nyingi hayavunjwi na ukosefu wa mapenzi. Huvunjwa na tarehe ya viza, na fedha ya mmoja kumzidi mwenzake, na yule aliyehama kuachiwa abebe mzigo wa kuhama peke yake. Kwa hiyo majibu yetu yamelalia zaidi huko.

Je, aliyejitolea anaruhusiwa kuwa na mpenzi huko aliko?

Inategemea mpenzi huyo ana nafasi gani mbele ya mradi wako. Akiwa naye amejitolea kama wewe, na hakuna anayemsimamia mwenzake, mashirika mengi hayana neno. Akiwa mwenyeji asiyehusika na mradi, kwa kawaida hakuna katazo. Akiwa mnufaika, yaani mwanafunzi wako, mgonjwa unayemhudumia, au mtu anayepanga foleni ya msaada unaougawa wewe, hapo simama.

Waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2003, wenye namba ST/SGB/2003/13, unakataza ngono na yeyote aliye chini ya miaka 18, hata pale sheria ya nchi inaporuhusu umri mdogo zaidi. Kusema ulidhani ameshafika umri huo si utetezi. Waraka huohuo unaasa kwa nguvu dhidi ya mahusiano ya kimapenzi kati ya watumishi na wanufaika, kwa sababu nguvu za pande mbili haziko sawa tangu mwanzo, na mashirika mengi ya misaada yana kanuni zinazofanana na hizo.

Moyo ukishaelekea, soma upya kanuni za maadili ulizosaini. Kisha mwarifu msimamizi wako kwa maandishi, mapema, kabla hajasikia kwa wengine, na uombe kuondolewa kwenye uamuzi wowote unaomgusa mtu huyo: alama za mtihani, orodha ya wanaopewa msaada, mapendekezo ya ajira. Tunza majibu. Wapo wanaodhani kujiuzulu Ijumaa kunafungua mlango Jumamosi. Haufunguki. Mtu ambaye juzi ulikuwa na uwezo wa kumpa au kumnyima bado anaona ugumu wa kukuambia hapana.

Tunaweza kulificha hadi mkataba uishe?

Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Wenzako watajua kabla hujawaambia, na usiri ndio utakaoonekana kosa hata kama uhusiano wenyewe haukuwa na tatizo. Zaidi ya hapo, yule mwenyeji ndiye atakayebaki pale na maneno ya watu baada ya wewe kupanda ndege.

Nitajuaje kama ni penzi, au ni ugeni na upweke?

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika makala yake ya mwaka 1960 kuhusu mshtuko wa utamaduni, alieleza kwamba mgeni huanza na kipindi cha kuvutiwa na kila kitu, kisha huingia kipindi cha kuchoshwa na kukasirika, kabla ya kuanza kupona na kuzoea. Penzi likizaliwa katika kipindi cha kwanza, hupewa sifa ambazo kwa kweli ni za mahali. Likizaliwa katika cha pili, mpenzi hugeuka kimbilio, mtu pekee anayekuelewa mji mzima. Hali zote mbili huweza kuwa mwanzo wa penzi la kweli, lakini usitoe uamuzi mkubwa ukiwa ndani yake.

Njia ya kupima ni kulitoa penzi nje ya safari. Kaeni pamoja angalau wiki tatu au nne mahali ambapo hakuna mradi, hakuna kundi la wageni wenzako, hakuna vivutio vya kuzungukia. Mmoja awe na kazi ya kuamkia. Muone bili zinalipwaje, nani anaosha vyombo, ugonjwa mdogo unapokelewaje, na siku nzima isiyo na jambo la kufanya inapitaje. Angalia pia ugomvi. Wawili wanaozungumza lugha ambayo kwa mmoja ni ya kujifunza hugombana kwa maneno machache, na asiyeimudu hushindwa kila mara, hata akiwa na haki. Akinyamaza, usidhani amekubali.

Mimi nina pasipoti yenye nguvu na fedha kidogo, mwenzangu hana. Hilo ni tatizo?

Si kosa la mtu, ila ni jambo la kushughulikiwa waziwazi, na tunaliona ndilo zito kuliko yote kwenye ukurasa huu. Mwenye tiketi ya kurudi anaweza kuondoka kesho. Mwenye kubaki hawezi. Mwenye fedha huamua mkutane wapi, mle wapi, mwende lini, na baada ya miezi sita huwa ameamua kila kitu bila kukusudia.

Kuna mambo yanayosaidia. Kila mmoja abaki na shughuli yake ya kipato, hata ikiwa ndogo. Mwenzako asiache kazi ili awe huru muda wako wa mapumziko, kwani mkataba wako ukiisha atakuwa amepoteza vyote viwili. Matumizi ya pamoja mgawane kwa uwiano wa kipato: anayepata mara tatu alipe robo tatu, mwingine robo, na wote wawe na sauti sawa katika kuamua. Na maombi ya ndugu yajadiliwe mapema. Katika jamii nyingi kusaidia wazazi na wadogo ni wajibu, wala si kukunyonya. Lakini wajibu huo una kiasi, na kiasi hicho kitajwe kwa tarakimu, kwa mwezi, kabla ya ndoa.

Utapeli pia upo, na kwa pande zote mbili. Dalili yake haiko kwenye umaskini wa mtu. Iko kwenye dharura zisizoisha, kila moja ikihitaji fedha leo hii, pamoja na visingizio vya kukuzuia usionane na ndugu zake. Upande wa pili yupo mgeni anayeahidi ndoa katika kila kituo anachopangiwa. Huyo mjue kwa kukataa kukutambulisha nyumbani kwao hata kwa simu.

Mkataba wangu unaisha. Nibaki?

Kwanza soma kibali chako. Kibali cha kujitolea mara nyingi kimefungwa kwa shirika lililokuombea, na kazi yako kwa shirika hilo ikiisha, uhalali wako wa kukaa unaweza kuisha nao, hata kama tarehe iliyogongwa kwenye pasipoti bado iko mbele. Uliza idara ya uhamiaji yenyewe, na uulize mwezi mmoja au miwili kabla, maana nchi nyingi haziruhusu kubadili aina ya kibali baada ya muda kupita.

Kuzidisha siku ndilo kosa linalogharimu zaidi. Wiki mbili za kubaki na mpenzi bila kibali zinaweza kuandikwa kwenye kumbukumbu na kuibuka miaka mitatu baadaye mnapoomba viza ya ndoa. Hesabu nazo huwapotosha watu. Katika eneo la Schengen, kwa mfano, mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180, na siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa. Kutoka kwa wikiendi moja hakuanzishi hesabu upya.

Tutaishije mbali mbali wakati wa kusubiri?

Wekeni tarehe ya kuonana kabla hamjaagana, na tiketi ikiwezekana. Kusubiri kusikokuwa na tarehe huchosha hata wenye subira. Pangeni saa maalumu za kuzungumza kwa simu, mara tatu au nne kwa wiki, kwani mazungumzo ya kila saa huisha kwa kuulizana "umekula?" na kuhesabiana dakika za kuchelewa kujibu. Mmoja akiwa Ulaya, kumbukeni kwamba katika sehemu kubwa ya huko saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ugomvi mwingi wa "hukupokea simu" umezaliwa siku hizo mbili.

Tufungie ndoa kwake, kwetu, au nchi ya tatu?

Fungeni pale ambapo hati itakubalika bila maswali katika nchi mtakayoishi. Ndoa ya kidini au ya kimila pekee, isiyosajiliwa serikalini, inaweza kuwa halali kabisa kwa familia na bado isitambuliwe na afisa wa viza. Ikiwa mnataka zote mbili, ya kiserikali isajiliwe kwanza au siku ileile.

Hati zinazotakiwa hufanana karibu kila mahali: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kutokuwa na pingamizi la ndoa (yaani uthibitisho kwamba huna ndoa nyingine), na kwa aliyewahi kuoa au kuolewa, hukumu ya mwisho ya talaka au cheti cha kifo cha mwenzi. Mpangilio wa kuzishughulikia ndio wengi hukosea. Anza na nakala mpya ya cheti kutoka kwa msajili. Kisha ithibitishwe. Mwisho itafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa. Ukitafsiri kabla ya kuthibitisha, muhuri wa uthibitisho hautakuwemo kwenye tafsiri, na utalipa mara mbili.

Uthibitisho wenyewe una njia mbili. Nchi zilizojiunga na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, ambazo sasa ni zaidi ya 120, hutumia apostili, hati moja inayotosha. Nchi moja kati ya zenu ikiwa haimo, hati hupita kwanza wizara ya mambo ya nje ya nchi iliyoitoa, kisha ubalozi wa nchi inayoipokea. Njia hii ya pili huchukua wiki nyingi zaidi. Na angalieni umri wa vyeti: ofisi nyingi hukataa cheti cha kutokuwa na pingamizi kilichotolewa zaidi ya miezi mitatu au sita iliyopita, kwa hiyo hicho kiombwe mwisho, vingine vikiwa tayari.

Kwa nini maombi hukwama wakati hati zote zipo?

Mara nyingi kwa herufi moja. Chukua hati zote, zipange mezani, soma jina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, pasipoti Mohammed, cheti cha shule Muhamed. Kwa mama yake ni mtoto mmoja; kwa mfumo wa kompyuta ni watu watatu. Majina matatu ya ukoo yanayobanwa kwenye fomu yenye nafasi ya "jina la kwanza" na "jina la mwisho" huleta vurugu hiyohiyo. Rekebisha kwa kiapo cha majina, au bora zaidi rekebisha cheti chenyewe kwa msajili, kabla ya kuomba lolote.

Tarehe ni mtego wa pili. 04/07 kwa sehemu kubwa ya dunia ni tarehe 4 Julai, na Marekani ni Aprili 7. Andika mwezi kwa jina kila fomu inaporuhusu. Harusi iliyoandikwa kufanyika miezi mitatu kabla ya siku mliyosema mlikutana si jambo la kuchekwa mbele ya afisa. Ni sababu ya kuitwa kuhojiwa.

Viza ya mchumba au viza ya mwenzi wa ndoa?

Si kila nchi ina viza ya mchumba. Marekani ipo, inaitwa K-1: mnatakiwa muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya kuwasilisha maombi, na anayeingia lazima afunge ndoa na yuleyule aliyemwombea ndani ya siku 90. Akishaingia hawezi kugeuka na kutumia njia nyingine kubaki. Uingereza humpa mchumba miezi 6 ya kufunga ndoa, naye haruhusiwi kufanya kazi katika miezi hiyo.

Kwa anayehitaji kufanya kazi mapema, viza ya mwenzi wa ndoa kwa kawaida ni afadhali, japo mnasubiri mkiwa mbali. Usiingie kwa viza ya utalii huku umekusudia kufunga ndoa na kubaki. Kusema uongo kuhusu nia ya safari kunaweza kukufungia mlango kwa miaka, na penzi lililo safi halifuti uongo huo.

Masharti mawili huwashtua watu. Moja ni kipato cha mwenzi anayemdhamini mwombaji: Uingereza, tangu 11 Aprili 2024, inataka pauni 29,000 kwa mwaka kwa maombi mapya ya mwenzi. Aliyetoka kujitolea miaka miwili bila mshahara hafikii hapo siku anayorudi, kwa hiyo panga miezi kadhaa ya ajira kabla ya kuomba. La pili ni lugha: Ujerumani kwa kawaida humtaka mwenzi awe na Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, kabla ya kuingia, ingawa kuna misamaha. Kuanza masomo siku mliyoamua kuoana kunaokoa muda kuliko kungoja barua ya ubalozi.

Tutathibitishaje kwamba ndoa yetu ni ya kweli?

Anzeni kutunza sasa, hata kama ndoa iko mbali. Tiketi za ndege, mihuri ya pasipoti, picha zenye tarehe mkiwa na ndugu wa pande zote, risiti za kutumiana fedha, mkataba wa nyumba wenye majina mawili. Picha 300 za wawili peke yao hazina uzito wa picha 10 zilizotawanyika katika miaka miwili, mahali tofauti, na watu tofauti. Mazungumzo ya simu msichape yote. Chagueni kurasa chache kwa kila mwezi, zionyeshe mwendelezo.

Kwenye mahojiano kila mmoja huweza kuulizwa peke yake: mlikutana wapi, ndugu zake wangapi, anafanya kazi gani, nani alipendekeza ndoa. Msikariri majibu. Usipokumbuka, sema hukumbuki. Majibu yanayolingana neno kwa neno huzua shaka kuliko mmoja kusahau tarehe.

Nani ahame, na mwaka wa kwanza utakuwaje?

Watu huamua kwa kulinganisha mishahara. Linganisheni pia nani ana taaluma inayosafiri. Fundi seremala hufanya kazi popote penye mbao. Muuguzi, mwalimu au mwanasheria huenda akahitaji kutambuliwa upya, kufanya mitihani, na kusubiri mwaka au zaidi. Nani ana mzazi mgonjwa. Nani anaijua lugha. Na wekeni tarehe ya kulitazama upya jambo hili, tuseme baada ya miaka miwili, kwa nia ya kweli kwamba jibu linaweza kuwa "tuhame".

Kwa aliyehama, mwaka wa kwanza una umbo lake. Miezi miwili ya mwanzo ni ya kupokelewa. Kuanzia wa tatu hadi wa nane ndipo pagumu: marafiki wote ni wa mwenzake, daktari ni wa mwenzake, hata nenosiri la intaneti analo mwenzake. Mwenyeji naye huchoka kuwa mkalimani, dereva na karani kwa pamoja, na huanza kusema "nimekufanyia kila kitu". Dawa ni kukabidhi mambo moja moja. Wiki ya kwanza, funguo zake mwenyewe na namba yake ya simu. Mwezi wa kwanza, akaunti ya benki kwa jina lake na kuweza kusafiri mjini peke yake. Kufikia mwezi wa tatu, darasa, kazi au kikundi ambacho mwenzake hamo. Na fungu la tiketi ya kwenda kusalimia kwao lianze kutengwa mwezi wa kwanza, kabla ya samani.

Fedha zetu tuzipangeje?

Akaunti tatu hufanya kazi vizuri: yake, yako, ya nyumba. Kabla ya kusaini ndoa, ulizeni sheria ya mali ya wanandoa katika nchi mtakayoishi, kwa kuwa kuhama nchi kunaweza kubadili nani anamiliki nini. Raia wa Marekani akumbuke kwamba anadaiwa taarifa za kodi popote anapoishi, na akaunti za nje, zikiwemo za pamoja, zikizidi dola 10,000 kwa jumla wakati wowote wa mwaka lazima zitajwe. Michango ya pensheni ya aliyehama ndiyo husahaulika zaidi. Miaka ya kusubiri kibali huacha pengo linaloonekana akiwa na miaka 65.

Tupime nini kabla ya kuishi pamoja?

Virusi vya UKIMWI, kaswende, homa ya ini ya B, na aina ya himoglobini. Kipimo cha haraka cha VVU huweza kuchelewa kuonyesha maambukizi hadi siku 90, kwa hiyo kipimo kimoja siku ya kuonana hakitoshi, rudieni. Chanjo ya homa ya ini B kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi 6. Mkiwa wote mmebeba chembe ya selimundu, kila mimba ina uwezekano wa robo kwamba mtoto atazaliwa na ugonjwa. Kujua mapema hakuvunji ndoa. Kunawapa muda wa kupata ushauri.

Watoto watakuwa raia wa wapi?

Baadhi ya nchi hutoa uraia kwa kuzaliwa ndani ya mipaka, nyingine kwa damu ya mzazi, na baadhi huweka kikomo kwa mzazi ambaye naye alizaliwa nje. Msajilini mtoto kwenye balozi zote mbili mapema, kwa tahajia ileile. Ikiwa nchi moja hairuhusu uraia pacha, asiukane uraia wake mtu yeyote kabla hajashika mkononi hati ya uraia mpya.

Kuhusu lugha, kila mzazi aongee na mtoto lugha yake bila kukoma. Mtoto anayekosa lugha ya upande mmoja hukosa pia bibi na babu wa upande huo.

Na jambo la kusema mapema: mzazi mmoja hawezi tu kuondoka na mtoto kurudi kwao mambo yakiharibika. Mkataba mwingine wa The Hague, wa mwaka 1980, unazirudisha kesi za watoto waliochukuliwa bila idhini kwenye nchi walikokuwa wakiishi, kwa nchi zilizojiunga nao.

Na nikihama kisha mwenzangu akanigeuka?

Marekani, ndoa ikiwa chini ya miaka miwili siku ya kupewa ukaazi, kadi ya ukaazi hutolewa kwa masharti kwa miaka miwili, na ombi la kuondoa masharti huwasilishwa ndani ya siku 90 kabla haijaisha. Mwenzi anayeteswa anaweza kuomba peke yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake (VAWA) iliweka pia njia ya mwenzi huyo kujiombea ukaazi mwenyewe bila mtesaji kuhusishwa. Uingereza nako, aliye kwenye viza ya mwenzi ambaye ndoa yake imevunjwa na unyanyasaji wa nyumbani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Anayekuambia "nikikuacha unafukuzwa nchini" huenda hasemi kweli, na ni vyema ukamuuliza mwanasheria wa uhamiaji, si yeye.

Pasipoti yako ikae kwako. Picha za hati zote ziwe kwenye barua pepe ambayo nenosiri lake unalijua wewe tu. Weka fedha ya tiketi moja ya kurudi na ya mwezi mmoja wa kodi ya chumba, kwa jina lako. Mwenzi anayekupenda atakusaidia kuitenga.